Uani Umebaki Chini: Kazi za Nyumbani Kariakoo

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ilijengwa kwa ajili ya makazi, lakini kwa miaka mingi imekuwa pia mahali pa kazi. Mbele yake pana baraza. Katikati hupita ukumbi mrefu wenye vyumba kila upande. Nyuma pana uani, penye jiko na choo. Fundi cherehani hukaa barazani, kwa kuwa ndipo penye mwanga wa kutosha kutunga uzi sindanoni. Mpishi wa maandazi na vitumbua hukaa uani, kwa kuwa ndipo moshi upatapo njia ya kutokea.

Kazi hizo, ziitwazo miradi, ziliongezeka sana katika miaka ya 1970 na 1980, wakati mshahara ulipokuwa haukidhi tena mahitaji ya nyumba. Soko Kuu, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa karibu: asubuhi lilitoa unga na mkaa, na mchana lilivuta wanunuzi. Ukaribu huo ulikuwa sehemu ya mtaji.

Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, na mahali pake yamesimama maghorofa. Mpishi aliyehamia ghorofa ya nne amepanda na jiko na sufuria zake, lakini uani umebaki chini. Hapo ndipo panapohitajika maarifa mapya.

Mkaa, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Upatapo hewa tele, kaboni huungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksaidi. Hewa ikipungua, hutokea kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na himoglobini, ambayo ndiyo ichukuayo oksijeni katika damu, kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu na usingizi, na aweza kufa bila kutambua kilichompata. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa chumba kisicho na moshi ni salama. Dhana hiyo ni ya hatari. Jiko la mkaa halifai kuwashwa chumbani, hata siku ya mvua ya masika. Mahali pake ni penye hewa wazi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Kikwazo cha mpishi mdogo ni namna ya kununua: mkaa hupatikana kwa kopo, bali gesi hununuliwa kwa mtungi. Kwa hiyo suala la hewa hugeuka kuwa suala la hesabu.

Chukuliwe mfano wa mpishi atumiaye shilingi 20,000 kwa unga, mafuta, sukari na mkaa, akauza kwa shilingi 26,000. Ziada yake ni shilingi 6,000. Akitoa shilingi 8,000 kwa chakula cha jioni, kesho ataanza na shilingi 18,000. Kila siku atamaliza vitumbua vyote, na kila siku mradi utazidi kudhoofika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa ni kutenga makopo mawili: moja la mtaji, lisiloguswa kwa matumizi ya nyumbani, na moja la ziada. Katika hilo la pili, shilingi 1,000 ikiwekwa akiba kila siku, kwa siku 30 zitapatikana shilingi 30,000 za kuchangia mtungi wa gesi. Hata hivyo gesi nayo hudai uangalifu: mtungi usimame wima, mpira ukaguliwe mara kwa mara, na dirisha liwe wazi wakati wote wa kupika.