Dogo, hicho ulichotengeneza ni nini?

Naomba tuanze na swali. Mwanao wa kidato cha kwanza anatoka nyumbani asubuhi na kiboksi chenye waya, saketi na namba zinazowaka. Kakiunda mwenyewe, na hamu yake yote ni mwalimu akione. Mchana unapigiwa simu: mwanao yuko polisi, kafungwa pingu. Utajisikiaje?

Kisa chenyewe kilitokea kweli, Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2015, mjini Irving, Texas, Marekani. Ahmed Mohamed, miaka 14, ambaye familia yake asili yake ni Sudan, alipeleka shuleni saa aliyoiunda nyumbani na kuifunga ndani ya kikasha cha kuwekea kalamu. Mwalimu wake wa uhandisi aliiona, akamshauri asiwaonyeshe wengine. Kwenye kipindi cha Kiingereza saa ikalia. Basi, mambo yakaharibika! Dogo akahojiwa na polisi mbele ya uongozi wa shule, akatolewa kwa pingu, akachukuliwa alama za vidole, akasimamishwa masomo siku tatu. Kosa? Eti bomu bandia. Muda wote yeye alikuwa akisema neno moja: ni saa.

Sasa kuna kitu kimoja kinachonikera kila nikikumbuka kisa hiki. Shule haikuondolewa watu. Kama kweli waliamini ni bomu, si wangewatoa watoto nje mbio? Hawakufanya hivyo. Saa yenyewe ilikaa na watu wazima hao hao. Kwa hiyo waliyemuogopa ni nani, kiboksi au mwenye kiboksi? Wakubwa wa pale walisema mtoto yeyote angefanyiwa vile vile. Wengi hawakukubali. Walisema jina na dini ya dogo ndivyo vilivyomponza.

Kwetu hofu ina sababu

Usidhani nawacheka Wamarekani. Mimi nimekulia Biharamulo, nyakati ambazo mabasi yalipita msituni kwa msafara, polisi wenye bunduki ndani, kwa kuogopa majambazi. Jirani zetu wa Ngara ndio waliopokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, watu zaidi ya 200,000 wakivuka Rusumo ndani ya takriban siku moja. Vita ya jirani haiishii mpakani. Silaha nazo huvuka.

Na tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka kati ya wanafunzi. Watoto watano walipoteza maisha na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kile chuma kilikuwa kimeokotwa, kikadhaniwa ni chuma chakavu. Mzazi wa Ngara akishtuka kuona kitu asichokijua mkononi mwa mtoto, nani atamlaumu?

Lakini tazama vizuri. Kihinga hapakuwa na waya wala taa za kuwaka. Kilichoua ni kitu kilichookotwa, kisicho na mtu wa kukieleza. Saa ya Ahmed ilikuwa na mwenyewe, yuko pale pale, anaieleza kwa mdomo wake. Hizo ni ishu mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya anaweza kumuumiza mtoto asiye na kosa huku hatari yenyewe ikipita mlangoni.

Tunaijua pingu ya jina

Watu wa Kagera tunalijua vizuri hili la kushukiwa kwa sababu ya jina au lafudhi. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda. Wakati wa Operesheni Kimbunga, mwaka 2013, wahamiaji haramu walipokuwa wakisakwa, wengi walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwamba ni Watanzania. Mama yangu mdogo, aliyeolewa Ngara, aliwahi kuteremshwa kwenye basi kwa sababu tu ya jinsi anavyotamka Kiswahili. Mpaka leo akisafiri hubeba cheti cha ubatizo kwenye mkoba. Anacheka akisimulia, ila mkoba hauachi.

Ndiyo maana naogopa tukimfanyia hivyo mtoto. Mtu mzima atabeba cheti. Mtoto ataacha kutengeneza.

William Kamkwamba wa Malawi nusura aachie njiani. Mwaka 2002, akiwa ametoka shule kwa kukosa ada, aliunda kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa dainamo ya baiskeli na mabomba ya plastiki. Kijijini walisema kachanganyikiwa. Hakuacha, na Juni 2007 alisimama jukwaani hapa hapa kwetu Arusha, kwenye mkutano wa TED, dunia ikimsikiliza.

Basi tufanyeje?

Kwanza, wafundishe watoto: kilichookotwa hakiguswi. Sogea mbali, zuia wenzako, toa taarifa kwa mtu mzima na polisi. Hapa hakuna mjadala.

Pili, kilichotengenezwa kinaulizwa. Mwambie dogo akifungue, akuonyeshe betri iko wapi na waya huu unakwenda wapi. Aliyekiunda atakueleza mpaka uchoke.

Tatu, ukiwa bado na wasiwasi, waondoe watu kwanza, halafu uliza. Kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake hakumlindi mtu yeyote.

Nne, mzazi, mtangulie mwanao. Akiwa na kitu cha ajabu, mpigie mwalimu simu kabla hakijafika darasani.

Na Ahmed je? Polisi hawakumfungulia mashtaka. Rais Obama alimkaribisha Ikulu, akaenda tarehe 19 Oktoba 2015. Mwezi huo huo familia ikahamia Qatar, alikopata ufadhili wa masomo. Kesi waliyofungua dhidi ya mji na shule ilitupwa. Unaona? Hata mwaliko wa Rais haukumrudishia darasa lake na marafiki zake.

Leo jioni, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayefungua redio mbovu kwa kisu cha jikoni, usianze na ukali wala kofi. Vuta kigoda, kaa naye, umuulize: dogo, hicho ni nini? Halafu msubiri amalize kujibu.