Ukizuru Lamu, uliza maji kwanza

Kila Disemba inapokaribia, jamaa zangu wa bara huanza kunipigia simu kuhusu safari ya Lamu. Maswali yao ni yale yale: vyumba vya Shela vinakodishwa kwa bei gani, samaki wa kupaka hupatikana wapi, na je, kweli mtu mzima anaweza kumpanda punda? Sijawahi kuulizwa swali ambalo mtoto wa Kiamu hulijua jibu lake kabla ya kunawa uso: maji yanajaa au yanapwa?

Siwalaumu, maana mimi mwenyewe niliwahi kupewa jibu bila kuuliza, na bado sikulisikia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Shela na mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu aliyejifunza kuogelea katika kidimbwi cha shule huko bara. Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alimtazama kijana akivua shati, akanigeukia mimi na kusema kwa upole: "Mai yapwa, mwanangu."

Mpenzi msomaji, mimi ni mwalimu wa isimu. Nilichomoa daftari. Nikaandika kwamba Kiamu husema mai pale ambapo Kiswahili sanifu husema maji, na kwamba kitenzi kimekuja bila kile kiambishi -na- tunachokitarajia. Nilifurahi sana. Nilipoinua macho, kichwa cha mpwa wangu kilikuwa mbali, nacho kilikuwa kikielekea bahari kuu.

Aliyemwokoa ni nahodha wa mashua aliyekuwa akitweka tanga karibu na hapo. Alimpigia kelele: "Usishindane na maji! Lala chali!" Kijana alitii, akaelea, naye nahodha akamfuata na kumpandisha mashuani akiwa hoi. Mzee wa wavu hakunena neno. Hakuwa na haja ya kunena, kwani yake alikwisha yasema.

Basi hebu tulitazame neno lenyewe. Kupwa ni maji kurudi nyuma na kuacha nchi wazi. Ukiongeza kiambishi cha mahali, -ni, unapata pwani: mahali pa kupwa, pale ambapo maji huja na kuondoka. (Mpwa wangu hahusiki na kitenzi hiki, ingawa siku ile alikaribia kuhusika.) Waliolibuni jina hili hawakutaja mchanga mweupe wala minazi. Walitaja mwendo wa maji. Leo wanafunzi wetu hukariri kwamba maji yakijaa hupwa, wakaeleza katika mtihani kuwa maana yake ni utajiri kupotea. Hakuna anayewaambia kwamba, kabla ya kuwa fumbo, kauli hiyo ilikuwa habari tu.

Habari yenyewe si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina katika pwani yetu hupita mita tatu. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya juma moja mambo hugeuka, yakawa maji mafu, na mwendo wake hupoa. Atakaye usahihi zaidi atazame jedwali za maji za bandari ya Kilindini, au amwulize nahodha yeyote.

Sasa tazama Shela ilipo. Imekaa kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Lamu na kile cha Manda. Maji mengi yaliyoingia ndani, mpaka kwenye mikoko, hutoka kupitia mlango huo huo, na kasi yake huwa kubwa takriban saa tatu baada ya kuanza kupwa. Ndiyo saa ile aliyoichagua mpwa wangu. Wazee wa Lamu husimulia kuwa katika vita vya Shela, miaka ya 1810, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yaliposhindwa yalikimbilia majahazi yao yakayakuta yamekwama juu ya mchanga. Maji yalikuwa yamekupwa. Ikiwa mabaharia wa Pate walighafilika, sembuse mgeni wa kutoka Nyeri?

Ukiuzunguka mji na kufika ufuo mrefu unaoelekea bahari kuu, hatari ni ya namna nyingine. Huko mawimbi huvunjika ufuoni na maji yake hurudi baharini kupitia kijia chembamba. Aghalabu kijia hicho huonekana kimetulia kuliko pande zake, na kwa sababu hiyo hiyo mgeni hukichagua. Kikikuchukua, usiogelee kurudi moja kwa moja, utachoka bure. Ogelea ukiambaa na ufuo hadi utoke ndani yake, ndipo urudi nchi kavu.

Majira nayo yana neno. Likizo ya Disemba huangukia kaskazi, upepo mpole. Likizo ya Agosti huangukia kusi, na bahari ya kusi si ile iliyo kwenye picha za matangazo. Nakusihi, usiende mwezi wa Agosti ukidai bahari uliyoogelea Disemba.

Mengine ni madogo, ingawa huharibu safari nyingi. Vaa viatu unapotembea miambani, kwa sababu matumbawe hukata na jeraha lake huchelewa kupona. Usiokote konokono wa bahari aliye hai. Wamo wenye sumu kali. Jua la adhuhuri huchoma hata ngozi nyeusi, nanyi mnaobisha mtaniambia jioni. Lala ndani ya chandarua. Usipande mashua isiyo na jaketi za kuokolea maisha, na jaketi livae. Usilikalie kama mto.

Ninalolalamikia ni hili. Mabango ya tahadhari niliyoyaona katika fuo nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali mabango ya kuwaalika Wakenya waizuru nchi yao hujaa Kiswahili kitamu. Yaani lugha yetu inatosha kutuvuta majini lakini haitoshi kutuonya? Maneno yapo tayari: kupwa, bamvua, mkondo, kusi. Ubao mmoja kwenye gati, wenye chaki na saa za maji za siku hiyo, haugharimu pesa nyingi.

Mpwa wangu amekwisha rudi Shela mara mbili. Mara ya mwisho alimsogelea nahodha gatini akamwuliza, kwa lafudhi ya bara isiyofichika, "Mai yajaa au yapwa?" Nahodha alicheka, akamsahihisha matamshi, kisha akamwambia asubiri hadi saa sita.