Fani, Maudhui na Mahakama: Hakimiliki ya Mtunzi wa Kiswahili Mzozo Unapozuka

Katika vyuo vikuu vyetu, wanafunzi wa Kiswahili hutunga mashairi, hadithi fupi, tamthilia na miongozo ya vitabu teule. Aghalabu kazi hizo hupita mikononi mwa wengi zikiwa miswada kabla ya kumfikia mchapishaji. Je, mtunzi akiiona kazi yake sokoni ikiwa na jina la mtu mwingine, afuate njia ipi? Makala haya yanakusudia kueleza kile ambacho sheria ya Kenya hukilinda, na nafasi ya wakili katika mzozo wa aina hii.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2003 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2019, kazi ya fasihi hulindwa iwapo mtunzi ametia juhudi za kutosha kuipa upekee, na iwapo imeandikwa, imerekodiwa au imehifadhiwa katika umbo jingine la kushikika. Haki hiyo haitegemei usajili. Hudumu katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hata hivyo, mtunzi anaweza kuisajili kazi yake katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na cheti anachopewa humfaa katika kutoa ushahidi.

Hapa mwanafunzi wa fasihi hayuko ugenini, kwani anaifahamu tofauti kati ya maudhui na fani. Kwa jumla, sheria hailindi wazo, bali namna wazo lilivyosanwa. Watu wawili wakitunga riwaya kuhusu ufisadi, hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini mmoja akinakili sehemu kubwa ya mazungumzo, maelezo na mpangilio wa matukio ya mwenzake, amevuka mpaka. Kuuthibitisha unakili huo kwahitaji matini mbili zilinganishwe ukurasa kwa ukurasa. Kwa hivyo, mhakiki anaweza kuitwa mahakamani kama shahidi mtaalamu.

Wakili naye huanza kwa kuchunguza ni nani hasa mwenye haki. Uhawilishaji wa hakimiliki sharti uwe katika maandishi na utiwe saini. Aidha, kazi iliyoandikwa chini ya ajira au kwa kuagizwa huchukuliwa kuwa haki yake imemwendea mwajiri au mwagizaji, isipokuwa pawe na mapatano tofauti. Mwandishi wa mwongozo aliyeagizwa na kulipwa mara moja basi huenda asiwe na dai la mrabaha. Hata hivyo, haki yake ya kimaadili hubaki: kutambuliwa kuwa mtunzi, na kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima.

Umiliki ukishathibitika, wakili humwandikia mshukiwa barua ya madai. Mizozo mingine huishia hapo. Isipoisha, upatanishi hufuata, njia ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaihimiza katika kifungu cha 159. Hatua ya mwisho ni kesi, ambapo mahakama inaweza kuzuia uuzaji wa nakala, kuamuru nakala hizo zisalimishwe na kumtoza mkosaji fidia. Kwa kuwa kuuza nakala haramu ni kosa la jinai pia, mtunzi anaweza kupiga ripoti kwa Bodi, ambayo ina wakaguzi wake.

Tatizo ni gharama. Ada ya wakili huweza kuushinda mrabaha wa diwani nzima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawawezesha wasiojiweza kuomba msaada, lakini kinga ndiyo bora kuliko tiba. Mtunzi na ahifadhi miswada yake ikiwa na tarehe, na ampelekee wakili mkataba kabla ya kutia saini, si baada ya ugomvi.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vyetu vya Kiswahili vina uwezo wa kuwa na daftari hilo: kupokea nakala ya mswada wa kila mwanachama, kuutia tarehe na kuuhifadhi. Ni kazi ya dakika chache, nayo huenda ndiyo itakayoamua kesi miaka kumi baadaye.