Bomba la mvua na waya wa kijani

Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu uanze kazi mwaka 2000, na hasa tangu Geita iwe mkoa mwaka 2012, nyumba za wageni zimeongezeka mjini, na kila mwenye nyumba anataka bafu lenye bomba la mvua la maji moto. Ndoo na kopo siku hizi vinaitwa ushamba.

Nililala katika mojawapo ya nyumba hizo. Niliposhika koki ili nifunge maji, mkono wote ukafa ganzi. Nikatoka na povu kichwani kumwita mhudumu. Akanijibu bila wasiwasi, "Mzee, hiyo huwa tunaifunga kwa kandambili."

Tatizo ni hili. Katika mabomba mengi ya mvua ya umeme, koili inayopasha moto imo ndani ya maji yenyewe. Umeme kidogo huvuja, na waya wa tatu, ule wa kijani na njano, umewekwa ili kuupeleka ardhini. Fundi mvivu huukata akauficha. Basi umeme hutafuta njia nyingine, nayo ni maji, koki ya chuma, na wewe uliyesimama pekupeku.

Halafu kifaa cha wati 5,500 hula ampea 24 hivi, wakati soketi zetu ni za ampea 13. Waya wake usipungue milimita 4 za mraba, utoke moja kwa moja kwenye sakiti breka yake, na kiwepo kile kifaa cha kukata umeme unapovuja. Hapo ndipo wengi hubana matumizi, huku marumaru zimetoka Dar es Salaam!

Kuhusu maji, wengi hununua kichwa kipana kama sahani, kisha hulalamika maji yanadondoka tu. Maji husukumwa na kimo cha tangi. Simtanki likiwa mita 1 tu juu ya kichwa cha bomba, nguvu ni ndogo mno, na hata hita nyingi hazitawaka. Inua mnara mita 2 au 3 zaidi, ila kumbuka lita 1,000 ni tani nzima. Usiipandishe juu ya miti.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie akuoneshe ule waya wa kijani unaishia wapi. Akianza kuzungukazunguka, chukua ndoo yako.