Fahamu: Waziri wa Fedha wa Kaunti na Funguo za Hazina

Wengi katika Machakos hudhani kwamba waziri wa fedha wa kaunti, kwa kuwa ndiye aongozaye hazina, aweza kutoa apendavyo. Lakini kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ada ya maegesho mjini, kama ushuru wa soko, kwa kawaida huingia kwanza katika Mfuko wa Mapato, wala haitoki ila kwa idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Mkandarasi aambiwaye asubiri na aijue sababu hiyo, ingawa si udhuru wa kila deni. Kazi nzito ya waziri, kwa hakika, ni makadirio, ambayo huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, huku kanuni zikitaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato.