Kuuza Mahindi Yangali na Ndevu

Ndugu Waislamu, masika yanapokuwa Rudewa, wilayani Kilosa, akiba ya nyumbani ikawa imekwisha, hapakosi mwenye dhiki anayeuza shamba la mahindi yangali na ndevu. Tujiulize: anauza nini hasa?

Gunzi changa limepangwa ovari mamia kwa mamia, kila moja na yai lake, na kila uzi wa ndevu umeungana na ovari moja tu. Chavua ikianguka kutoka kwenye mbelewele na kunasa kwenye uzi huo, huteremsha mrija hadi kwenye yai, safari ya takriban siku moja, na hapo punje huanza. Jua likiukausha uzi kabla ya hapo, hubaki pengo. Nyuzi za nchani huchomoza mwisho. Ndiyo sababu ncha huwa tupu mara nyingi. Ukijani wa shamba hauonyeshi lolote katika hayo.

Hii ndiyo gharar. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri ukomavu wake, akakataza pia kuuza mzao wa mimba iliyomo tumboni mwa ngamia. Akahoji ni kwa haki gani mtu achukue mali ya nduguye iwapo Allah atayazuia matunda.

Lakini njaa haingoji. Sheria imeacha mlango wa salam: mkulima alipwe bei yote leo, kwa magunia ya kipimo maalumu (wala si lumbesa!) na tarehe maalumu, bila kufungamana na shamba fulani. Na iandikwe mbele ya mashahidi, kama tunavyoamrishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282.