Jeraniamu na Namna ya Kuitunza

Katika Karagita, kando ya njia ielekeayo kusini mwa Ziwa Naivasha, mpita njia huona mbele ya milango mikebe ya mafuta, madebe kuukuu na sufuria zilizotoboka, na ndani yake mmepandwa ua lenye majani ya mviringo na vishada vyekundu, vyeupe au vya waridi. Ua hilo huitwa jeraniamu. Hupatikana kwa wepesi mno. Jirani humvunjia jirani tawi, naye hulichomeka udongoni, na baada ya miezi michache huwa na ua lake mwenyewe.

Wepesi huo ndio fadhila ya jeraniamu. Lakini wepesi huo huo ni mlango wa ugonjwa mmoja uwezao kumdhuru hata mtu asiyepanda maua kabisa, yaani mkulima wa viazi. Kwa hiyo yampasa kila apendaye ua hili kujua asili yake, namna ya kulipanda, na usafi linaoutaka.

ASILI YAKE

Jeraniamu ni mwenyeji wa bara la Afrika. Kwao ni kusini mwa bara hili, katika nchi za Rasi, ambako huota mwitu penye vilima vya mawe na kandokando ya vichaka. Jamii yake ina aina zipatazo 280, na nyingi katika hizo ni za kusini mwa Afrika. Chache huota mwitu hata katika Afrika Mashariki. Katika karne ya 17 merikebu za Ulaya zilizokuwa zikipita Rasi ya Tumaini Jema kwenda na kurudi Mashariki zilichukua mimea hiyo, na watunza bustani wa Ulaya wakaipenda. Jeraniamu ya mkebeni tuionayo leo imetokana na kuchanganywa kwa aina mbili tatu za huko kusini, kazi iliyofanywa kwa miaka mingi.

Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliyatia maua haya katika jamii moja na jeraniamu za mwitu za Ulaya. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier aliyatenga, akayaita pelagoniamu, na jina hilo ndilo litumiwalo na wataalamu hata sasa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kulizoea jina la kwanza, wala hawakuliacha. Majina yote mawili yametoka katika lugha ya Kiyunani, nayo yahusu ndege wenye midomo mirefu, kwa sababu tunda la mmea huu likikomaa hufanana na kichwa na mdomo wa korongo.

Kuijua asili hii si kwa kujifurahisha tu. Mmea uliozaliwa penye mawe, jua na mvua ya kuhesabu una shina nene liwezalo kuweka maji. Hauogopi kiu ya siku chache, bali waogopa matope na baridi ya barafu. Mtu akiishika kanuni hiyo moja, amekwisha kujua nusu ya kazi ya kuutunza.

KWA NINI HUSTAWI NAIVASHA

Nchi ya Naivasha imeinuka kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, na usiku ni wa baridi ya kadiri. Mvua si nyingi, kwa kuwa milima ya Nyandarua huzuia mawingu upande wa mashariki. Udongo ni ule uliotokana na majivu ya volkano, mwepesi, usiotuamisha maji. Hayo yote yaipendeza jeraniamu.

Hayo hayo ndiyo yaliyoleta kilimo cha maua katika pande hizo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na kuifanya Karagita kuwa mji wa wafanyakazi waliotoka wilaya nyingi. Wengi hukata mawaridi. Lakini yako pia katika Kenya mashamba yasiyouza maua yenyewe. Huuza vipandikizi, yaani vipande vya matawi machanga ambavyo havijaota mizizi. Jeraniamu ni miongoni mwa mimea hiyo. Mimea mama hutunzwa ndani ya nyumba za plastiki, na katika miezi ya Desemba hata Machi vipandikizi hukatwa kwa mkono, hutiwa katika vifuko, na kupelekwa ng'ambo kwa ndege. Huko huoteshwa mizizi, na majira ya baridi yanapokwisha huuzwa vikiwa na maua. Basi ua lipambalo dirisha la nyumba ya Ujerumani mwezi wa Mei huenda lilikatwa mwezi wa Januari na mikono ya mtu wa Kenya.

NAMNA YA KUPANDA

Chagua tawi changa lenye afya, lisilo na ua, ukalikate kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo cha jani. Urefu wa sentimita 8 hata 10 watosha. Ondoa majani ya chini, ubakize mawili au matatu ya juu, ukavunje na vitumba vya maua kama vipo. Kisha kiweke kipandikizi kivulini kwa saa chache mpaka kidonda kikauke. Watu wengi huruka jambo hili, wakaona shina likigeuka jeusi na kuoza kutoka chini.

Mkebe sharti uwe na matundu chini, na juu ya matundu hayo pawekwe kokoto chache. Changanya udongo mwepesi na mchanga. Chomeka kipandikizi kina cha vidole viwili, ukandamize udongo kidogo, ukatie maji mara moja, kisha uache mpaka udongo wa juu ukauke. Usikifunike kwa nailoni kama wafanyavyo watu kwa mimea mingine, maana unyevu ukizidi jeraniamu huoza. Baada ya majuma matatu au manne mizizi huwa imeshika, na jani jipya huonekana.

UTUNZAJI

Mmea uliokwisha kushika uwekwe mahali papatapo jua kwa saa sita hivi kila siku. Ukiwekwa kivulini utarefuka kama fito, na maua yatakuwa haba. Kabla ya kutia maji, tia kidole udongoni. Kikitoka na unyevu, ngoja. Katika Karagita, ambako wengi hununua maji kwa mtungi, hii ni faraja, kwani jeraniamu hutosheka na kikombe kimoja mahali ambapo maua mengine yangetaka ndoo. Maji yatiwe shinani, yasimwagwe juu ya majani. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi hayafai.

Mbolea ya samadi iwe imeoza kabisa, nayo itiwe kidogo. Ikizidi, mmea hutoa majani mengi mazuri lakini hautoi maua. Ncha za matawi zikatwe mara kwa mara ili mmea utoe matawi ya pembeni, na vishada vilivyonyauka vivunjwe ili nguvu isiende katika kufanya mbegu. Mmea uliozeeka na kuwa wa miti mitupu usitupwe. Ukatwe mpaka karibu na shina, nao utachipuka tena.

Katika miezi ya baridi, kama Julai, majani yaliyokufa yaondolewe upesi, maana ukungu wa kijivu hupenda kukaa hapo. Tena mwenye mmea ageuze majani atazame chini yake. Akiona duara za vumbi la rangi ya kutu, ayang'oe majani hayo na kuyachoma moto.

UGONJWA WA MNYAUKO

Magonjwa hayo ni madogo. Liko moja kubwa, nalo ni mnyauko wa bakteria. Wadudu wake, wasioonekana kwa macho, huingia kwa mizizi au kwa kidonda, wakakaa ndani ya mishipa ichukuayo maji na kuiziba. Mmea hulegea mchana hali udongo wake una maji. Majani ya chini hugeuka manjano. Mwisho mmea wote huanguka. Dawa ya kuuponya haipo.

Bakteria hao wana namna mbalimbali, na ile iletayo hofu katika jeraniamu ni ile ile iuayo viazi katika nchi za baridi za juu. Katika Kenya mnyauko wa viazi ulitambuliwa katika miaka ya 1940, na hata leo ni adui mkubwa wa wakulima wa Kinangop na Nyandarua yote. Mkulima aliyepanda kwa mkopo huona mistari yake ikilala kabla ya kuvunwa, na viazi achimbavyo hutoa uchafu mweupe machoni pake. Nyanya, biringanya na mnavu nazo huambukizwa.

Jambo la hatari zaidi ni hili, kwamba ugonjwa hujificha. Wakati wa baridi jeraniamu yenye ugonjwa yaweza kuonekana nzima kabisa, na kila kipandikizi kikatwacho kwake huuchukua ugonjwa huo pamoja nacho. Mwaka 2003 vipandikizi vya jeraniamu vilivyotoka Kenya vilionekana Marekani kuwa na bakteria hao, baada ya kusambazwa kwa wakulima wengi wa maua. Serikali ya nchi hiyo, ambayo tangu 2002 imewatia bakteria hao katika orodha ya viini vyenye sheria kali kabisa, ilitafuta mimea hiyo kila mahali ilipofika, na mimea mingi mno ikaharibiwa. Mwaka 2020 jambo kama hilo lilitokea tena huko kwa jeraniamu zilizotoka Guatemala.

Ndiyo sababu mfanyakazi wa nyumba za vipandikizi huoshwa mikono, hukanyaga dawa mlangoni, na hakubaliwi kuingia na mmea wala udongo kutoka nje. Si kwamba adhaniwa kuwa mchafu. Tope lililoshika kiatu chake, akitoka kuwasaidia jamaa zake kuvuna viazi mlimani, laweza kufunga soko ambalo yeye na wenzake walipata riziki humo. Wakaguzi wa KEPHIS, idara iliyoundwa mwaka 1996 kulinda afya ya mimea, hukagua mimea iendayo ng'ambo. Lakini mkaguzi hawezi kusimama mbele ya kila mlango wa Karagita.

USAFI WA MWENYE MKEBE

Mtu wa nyumbani aweza kuyafanya haya bila gharama kubwa:

(1) Asikate kipandikizi katika mmea asioujua. Achague ule aliouona ukiwa mzima katika miezi ya joto, si ya baridi tu.

(2) Kisu kitiwe katika maji yanayochemka, au kifutwe kwa spiriti, kabla ya kukata na tena baada ya kila mmea.

(3) Udongo wa mkebe usichukuliwe katika shamba lililopandwa viazi au nyanya.

(4) Maganda mabichi ya viazi yasitupwe katika mkebe kwa kudhaniwa kuwa mbolea. Kiazi kilichonunuliwa sokoni chaweza kuwa na ugonjwa ndani bila alama nje.

(5) Maji ya mtaroni yasitumiwe, kwa maana hubeba yaliyooshwa katika mashamba ya wengine.

(6) Mmea unyaukao bila kiu ung'olewe pamoja na mizizi yake na kuchomwa moto. Udongo wake ufukiwe katika shimo refu mbali na bustani na maji. Mkebe uoshwe kwa dawa ya klorini.

(7) Aendaye kwao Kinangop na kutaka kumpelekea mama yake ua, asilipande karibu na viazi. Kadhalika aoshe viatu vyake aendapo na arudipo.

Mkulima wa viazi akiwa na shaka, akate kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza katika gilasi ya maji safi pasipo kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, hiyo ni dalili ya mnyauko, na yafaa afisa wa kilimo aitwe. Shamba hilo lisipandwe viazi tena upesi. Lipandwe mahindi, kabichi au vitunguu kwa misimu kadhaa, na magugu ya jamii ya mnavu yang'olewe yote. Kisha itafutwe mbegu safi iliyothibitishwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuchemsha kisu ni kazi ya dakika chache, lakini ekari ya viazi iliyolala ni karo ya watoto iliyopotea. Hakuna haja ya kuiogopa jeraniamu, wala ya kumnyima jirani tawi aombalo. Ampe, bali ampe tawi la mmea mzima, lililokatwa kwa kisu safi, na pamoja nalo amweleze sababu.